Kotimiri, nanaa na rehani kuharibika njiani: tuongelee vifungashio (kutoka Kalinzi mpaka Kigoma mjini)

MamaNanaa_Kgm

Mwakeye wadau wa Kigoma, na nyie wa Tabora na kwingineko hamjambo.

Uzi huu ni mrefu kidogo mnivumilie. Mi nauza majani ya viungo, kotimiri, nanaa, rehani, rozimari, pasili kidogo na mchaichai. Nalima na dada yangu kule juu Kalinzi kwa sababu kuna ubaridi na majani yanakuja mazuri, halafu tunashusha mjini kwa gari za barabara ya Manyovu, mzigo mmoja unabaki soko la Mwanga kwa akina mama wa mboga, mwingine unaenda hotelini na kwa wale wachoma samaki wa Kibirizi. Mwaka wa sita sasa. Na kitu kilichonila hela kuliko mbolea, kuliko nauli, ni kifungashio. Sisemi bei yake, mfuko wenyewe ni hela ndogo, nasema kuchagua kifungashio ambacho sicho.

Mwanzoni nilikuwa naamini jani likifungwa likabanwa, hewa isipite, ndo linakaa. Nikanunua mifuko mizito ya zipu. Jioni tukavuna kotimiri, tukaiosha ikang'aa, tukaitia humo na maji yake yanachuruzika, tukakamua hewa tukafunga, tukapanga kwenye katoni, katoni tukaiweka ndani. Kesho yake saa 6 mchana niko jikoni kwenye hoteli moja hapa mjini, mpishi anafungua mfuko wa kwanza mbele yangu. Mfuko ulikuwa na joto, yaani ukiushika unahisi vuguvugu kama chapati iliyofunikwa na kitambaa, ndani umejaa matone, ulipofunguka ikatoka harufu ya kuchacha kama togwa ililala. Majani ya katikati yanateleza mkononi. Mifuko yote 20 ikarudi. Hakunitukana, alisema tu mama hii siwezi kumwekea mgeni kwenye sahani. Nimepanda gari ya kurudi Mwandiga nimepakata katoni mapajani na harufu yake.

Ndo nikaanza kuuliza watu na kusoma, na kitu kimoja kikanifungua macho: jani ukishalikata halijafa. Linapumua. Linavuta oksijeni, linatoa kabonidayoksaidi, linatoa maji na linatoa joto, kama sisi tu. Na majani ya viungo yanapumua kwa kasi sana ukilinganisha na kitu kama kitunguu au kiazi kilichotulia. Joto likipanda digrii 10 tu kupumua kunaongezeka mara 2 mpaka 3. Sasa piga hesabu, umevuna jani limepigwa na jua la mchana, huku ziwani ni digrii 28 hivi, umelifungia kwenye plastiki isiyopitisha kitu, oksijeni inaisha humo ndani, jani linaanza kuchacha, yale maji linayotoa yanagonga plastiki yanakuwa matone yanarudi kulikalia jani, na bakteria wa kuozesha wanachotaka ni hicho tu, maji na joto.

Upande wa pili ukiliacha wazi linakauka. Kotimiri jani lake ni jembamba halina ngozi ya maana, ukiiacha juu ya meza upepo unapita saa chache tu imelala kama mgonjwa. Kwa hiyo kifungashio kizuri kazi yake ni kukaa katikati, kizuie unyevu usitoke wote lakini kiache jani lipumue. Hapo ndo watu tunapotofautiana, wengine wanabana mno wengine wanaacha wazi mno.

Basi nikafanya jaribio langu. Kotimiri ya tuta moja, asubuhi moja, nikagawa mafungu matano sawasawa, chumba kimoja chenye kivuli, bila friji kwa sababu wateja wangu wengi hawana friji. Fungu moja niliacha wazi kwenye tenga, la pili mfuko wa kaki, la tatu mfuko wa zipu umefungwa kabisa, la nne mfuko mwangavu mwembamba niliotoboa kwa sindano ya kushonea, la tano nikaviringisha kwenye jani la mgomba nikafunga kwa ukamba wa mgomba huohuo kama wanavyofanya bibi zetu.

La wazi lilinyauka siku hiyohiyo kabla ya adhana ya magharibi. La kaki lilifika kesho yake mchana, karatasi imenyonya unyevu imekuwa laini na jani limelegea, ila nikilitia shina kwenye maji linaamka. La zipu siku ya pili lilikuwa bado la kijani ukiliangalia kwa nje, na hapo ndo penye mtego, maana mteja ananunua kwa macho halafu anafungua nyumbani anakutana na harufu. Jani la mgomba lilinishangaza, siku mbili kamili kotimiri imesimama, siku ya tatu ndo mgomba wenyewe ukaanza kukauka na kupasuka. Lenye vitundu vya sindano lilifika siku ya tatu vizuri na ya nne majani ya chini yakaanza kuwa njano.

Sasa hivi nafanya hivi. Navuna alfajiri umande ukiwa unaelekea kukauka, kabla jua halijatoka sawasawa. Sioshi. Kama kuna udongo nachovya shina tu kwenye maji safi nakung'uta, naacha majani yapepewe kivulini mpaka ukipitisha mkono haubaki na maji. Halafu natafuta ubaridi kabla ya kufunga, kule Kalinzi chumba cha udongo kinatosha alfajiri, kwa sababu jani la moto ukilifunga umefungia joto ndani, mfuko utatoka jasho hata kama una matundu mia. Baada ya hapo ndo mfuko wenye vitundu, naweka kipande cha karatasi nyeupe isiyo na maandishi upande mmoja inyonye jasho (magazeti niliacha, sipendi wino ugusane na chakula), nasimamisha mafungu kwenye kreti shina chini, siyo kulaza moja juu ya jingine. Jani lililopondeka ndo linaanza kuoza na linaambukiza wenzake.

Shida yangu iliyobaki ni rehani. Ile wapishi wa hoteli wanaiita bezili. Inanitoa machozi, nafikisha nzuri, kesho naambiwa imekuwa nyeusi. Na pia nataka kujua wenzangu mnatoboa vitundu vingapi. Karibuni.

KijanaWaBangwe

Mama shikamoo. Somo zuri sana. Ila hii mifuko mwangavu si ndo ilikatazwa? Mi nakumbuka 2019 tulinyang'anywa zote dukani, sasa hivi mtu akinikuta nayo si ni faini hiyo

MamaNanaa_Kgm

Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Kilichopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea, lile rambo la kumpa mteja aondoke nalo. Vifungashio vya bidhaa, vikiwemo vya mazao ya kilimo, viliachwa ila lazima vikidhi viwango vya TBS, lile shirika la viwango. Matatizo yanakuja pale mtu anachukua kile kifungashio chepesi kisicho na jina la kiwanda wala nembo anampa mteja abebee nyanya, hapo NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakikukuta usilalamike. Mi nanunua kwenye duka linalouza vifungashio vyenye nembo, naomba risiti naitunza. Na mteja akinunua mafungu mengi namtilia kwenye mfuko mbadala wa kitambaa au anakuja na kikapu chake.

Kwa wauzaji wa Mwanga wanaouza fungu moja moja la mia mbili siwashauri hata plastiki. Weka mashina kwenye beseni lenye maji kidogo, vidole viwili tu, badilisha maji kila asubuhi, funika juu kwa kitambaa kibichi ulichokamua. Nanaa ukiiweka hivyo inaweza hata kutoa mizizi.

MpishiWaZiwani

Naongea kama mtu wa jikoni, nimepika kwenye hoteli za hapa miaka kadhaa. Dada rehani yako haiharibikiwi na kifungashio, inaharibiwa na friji. Rehani haitaki baridi kabisa. Kotimiri, pasili, nanaa hizo ukiziweka karibu na digrii 0 zinakaa hata wiki mbili na zaidi, lakini rehani ikikaa chini ya digrii 10 inaungua kwa baridi, inatoa madoa ya kahawia halafu yanakuwa meusi. Friji ya kawaida ya jikoni ni digrii 4 hivi. Kwa hiyo wewe unaleta mzigo mzuri, kijana wa stoo anaona majani anasukumia yote kwenye friji, kesho mnaanza kutupiana lawama. Mi rehani nilikuwa naiweka kwenye glasi ya maji pembeni ya dirisha lisilo na jua, mfuko nimeuvika juu kwa ulegevu, basi.

Ushauri wangu, rehani ifunge peke yake na iandike kwa peni nene USIWEKE FRIJI. Na usiitie kwenye mfuko laini, jani lake ni nene lakini linachubuka kwa kidole tu, na likichubuka linakuwa jeusi palepale. Ile kontena ngumu mwangavu yenye mfuniko wa kubana, zile wanazouzia keki, toboa matundu machache pembeni, panga matawi bila kushindilia. Ghali kidogo ila mpishi atakurudishia kontena ukimwambia.

Jambo jingine, fungasheni kidogo kidogo. Mnaleta furushi la kilo, mpishi anahitaji kiganja kimoja, kila akifungua furushi la baridi kwenye jiko la moto linaingia joto na kutoka jasho, akirudisha linapoa, akitoa tena linatoka jasho. Siku mbili limekwisha. Gramu 100 gramu 100 ndo saizi nzuri.

Mnyamwezi_Tbr

Salaam kutoka Tabora. Dada yangu nimekuelewa lakini kwenye vitundu naomba tupingane kidogo. Huku kwetu kiangazi hiki cha mwezi wa nane mpaka wa kumi hewa ni kavu, ngozi inapasuka, ukitoboa mfuko kama ungo kotimiri inakauka ndani ya mfuko kama vile hukuifunga. Mi nilianza na vitundu vingi nikafuata ushauri wa mtu wa Dar nikapata hasara. Sasa natoboa vitundu sita tu vya sindano kwenye mfuko wa gramu 100 na mdomo wa mfuko nakunja mara mbili bila kubana. Masika naongeza.

Na friji sina, natumia vyungu viwili. Chungu kikubwa, ndani yake kidogo, katikati mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakiwa yanakauka kupitia kwenye udongo yanaondoka na joto. Huku kiangazi ukitia mkono ndani unasikia kabisa ubaridi. Kotimiri ikiwa kwenye mfuko wake wenye vitundu halafu ndani ya chungu inanifikisha siku ya tano. Na kwa maelezo ya huyo mpishi naona rehani ingefaa humo maana ubaridi wa chungu haufiki wa friji.

MamaNanaa_Kgm

Kaka wa Tabora hapo umenifungua. Mi nilikuwa natoboa 20 na zaidi, kumbe nilikuwa nafuata hewa ya huku ziwani ambayo ina unyevu mwingi hasa kuanzia mwezi wa kumi na moja. Basi hakuna namba moja ya kuwapa watu wote, inabidi mtu aangalie mfuko wake: ukiona matone makubwa yanatiririka ongeza vitundu, ukiona mfuko mkavu kabisa na jani limelegea punguza. Ukungu mwembamba kidogo kwenye plastiki hauna shida.

Ila chungu huku kwetu masika hakifanyi kazi, nilijaribu. Hewa ikishajaa maji, maji ya kwenye mchanga hayakauki, chungu kinabaki kilivyo.

Na mpishi asante sana, hilo la friji sikuwahi kulifikiria kabisa, miaka yote nilikuwa nalaumu safari.

Dada_wa_Kasulu

Jamani mi nasafirisha nanaa na kotimiri kutoka huku Kasulu, nafunga kwenye majani ya mgomba kama bibi alivyonifundisha, safari inaenda vizuri lakini nikilaza mzigo kwa shemeji yangu Kigoma siku moja mbili unakuta majani yamekuwa njano wakati hayajanyauka wala kuoza. Yako wima kabisa ila njano!! Nikidhani ni mbolea. Anayejua anisaidie

MamaNanaa_Kgm

Dada yangu, kwa shemeji unalaza kwenye chumba gani, kuna nini kingine humo?

Dada_wa_Kasulu

Ni stoo yake, anauza ndizi mbivu na maparachichi

MamaNanaa_Kgm

Basi ndo hapo. Yamenikuta haya mwaka wa pili wa biashara. Ndizi ikiwa inaiva inatoa gesi inaitwa ethilini, haina rangi, pua yako haiwezi kuinusa, ndo ileile inayofanya ndizi moja mbivu iivishe mkungu mzima ukizifunika pamoja. Parachichi linaitoa, papai, embe, hata nyanya iliyoiva. Jani la kijani likiipata linadhani muda wake umefika, linapoteza ukijani wake linakuwa njano. Pasili na kotimiri na nanaa zote zinaathirika. Na hapo kifungashio hakikusaidii, gesi inapita kwenye vitundu, inapita kwenye mgomba. Jani la mgomba lenyewe halina hatia, tatizo ni tunda lililoiva. Hamisha mzigo ulale barazani kwenye kivuli au chumba kingine chenye hewa, hata jikoni kwa shemeji ni afadhali kuliko ile stoo.

Na kwenye gari vilevile. Mi namwambia kondakta kabisa kreti yangu isikae kwenye ndizi mbivu, na isikae juu ya keria jua linaipiga. Nalipia nauli ya kiti naiweka miguuni. Watu wananishangaa nalipia majani kiti, lakini nimeshapiga hesabu zangu.

KijanaWaBangwe

Mama na barafu je? Kibirizi barafu ya samaki ipo, si unajaza tu kwenye deli unatia majani humo

MpishiWaZiwani

Barafu ya samaki usiiguse mdogo wangu. Kwanza harufu, kotimiri inanyonya harufu ya mgebuka na mteja atajua. Pili barafu ikigusa jani moja kwa moja linaweza kuganda, likiyeyuka linakuwa kama mchicha uliochemshwa. Ukitaka baridi gandisha maji safi kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko, viringisha chupa kwenye kitambaa, weka chini ya deli safi, weka katoni kavu katikati, majani juu. Rehani isiingie humo.

Mnyamwezi_Tbr

Rozimari mnaifungaje? Mi naona haina neno, naweka kwenye kaki tu inakaa

MamaNanaa_Kgm

Rozimari ni ngumu, jani lake kama sindano halipotezi maji haraka, kaki inatosha kwa safari fupi. Mchaichai nao nafunga mashina kwa kamba, navika gazeti kwa nje tu lisiguse pale panapokatwa. Sipotezi hela ya mfuko kwa hizo mbili.

MamaNanaa_Kgm

Wadau narudi na mrejesho, ni wiki mbili na siku kadhaa toka nifungue uzi.

Rehani niliitia kwenye kontena ngumu 8, nikatoboa pembeni kwa msumari niliouchoma moto, nikaandika kwa peni nene kama mpishi alivyosema, nikapeleka kwenye ile hoteli iliyonirudishia mifuko 20 miaka ile. Nikaomba nimuone mtu wa stoo mwenyewe nikamueleza habari ya baridi, akazipanga kwenye rafu karibu na mlango wa nyuma. Nimepita siku ya nne. Kontena mbili zimebaki, nimefungua moja mwenyewe, majani ya kijani, mawili matatu ya chini yana doa pale yalipokandamizwa na mfuniko kwa sababu nilishindilia, kosa langu hilo. Harufu yake imejaa chumba. Wamechukua nyingine 12 wiki hii.

Kotimiri nilipunguza vitundu mpaka 6 kama wa Tabora, ikanikatalia. Zilinyesha mvua siku tatu mfululizo, mifuko ikajaa matone, mafungu manne yakaanza utelezi. Nimerudi kwenye 14 na karatasi nimeweka pande zote mbili, nabadilisha ile ya chini nikifika mjini. Hii imekaa vizuri mpaka siku ya tatu kwa mama mmoja pale Mwanga asiye na friji, amenipigia mwenyewe kunieleza.

Pasili bado sijaipatia, inatoka jasho kuliko kotimiri na majani yake yamejikunja yanashika maji ndani. Kesho alfajiri navuna kidogo, nitaipepea saa nzima zaidi kabla ya kufunga, nusu kwenye vitundu 14 nusu kwenye mgomba, Jumapili nitaandika hapa ilivyokuwa.

Dada_wa_Kasulu

Dada nimehamishia mzigo barazani kwa shemeji. Leo siku ya pili, nanaa ya kijani tupu. Hiyo Jumapili nasubiri, na mi nina pasili tuta moja limekomaa.